Mikro ya Mtoto Mmoja

Jumatatu, 8 Januari

Leo nimefundisha nikiwa nimefungwa kamba shingoni kama mbuzi. Kamba nyeusi, na mwisho wake kidude chepesi, kirefu kama kidole, chenye taa ndogo ya kijani. Ni mikro, maikrofoni. Haina waya, haina spika. Sauti yangu ikitoka mdomoni inaingia mle, kisha inakwenda moja kwa moja kwenye mashine mbili ndogo zilizokaa nyuma ya masikio ya Camille, benchi la nne, upande wa dirisha. Watoto wengine sabini na wanane wa darasa langu la sita hawasikii chochote cha ziada.

Mama yake, Mama Marthe, mshonaji wa mtaa wa Kataki hapa Kalemie, alinifuata kabla ya kengele. Mume wake, Papa Michel, anafanya kazi kwenye mtambo wa umeme wa Bendera na anarudi mara moja kwa mwezi, kwa hiyo mambo yote ya mtoto yako juu ya mama. Wakati wa Noeli alimpeleka Camille Lubumbashi kwa madaktari wa masikio waliopita pale wiki mbili. Mama na mtoto walirudi na mashine, na mikro, na karatasi ya masharti: isilowe, isiazimwe, isifunguliwe.

"Madamu," akaniambia, "mutoto aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka sita. Toka pale tunamwita, haitiki. Watu wakasema njo kiburi, ni kiburi tu. Sasa anaanza kusikia. Bwana yangu anatengeneza umeme Bendera lakini kwetu umeme hakuna, na hii kitu inataka kuchajiwa kila siku. Nakuomba ilale kwako. Lakini isitoke mukononi mwako."

"Haitatoka, Mama Camille. Nakuahidi."

Kusema kweli niliahidi haraka ili aondoke. Watoto walikuwa wanapanga mstari, na direktere wetu, mwalimu mkuu Papa Jean-Baptiste, alikuwa ananitazama kutoka mlango wa biro, ofisi yake. Baadaye akaniita.

"Alphonsine, mimi sikatae mutoto wa muntu. Lakini hii si shule ya viziwi. Orodha ya mtihani wa taifa inaondoka mwisho wa mwezi wa tatu. Akifuata masomo, jina lake litaingia. Mashine ikiwapo, mutoto yupo. Mashine isipokuwapo..." Akafungua viganja vyake viwili, vitupu.

Jumatano, 10 Januari

Kamba inawasha shingo. Watoto wanauliza kama ni redio. Mvua.

Alhamisi, 18 Januari

Camille alikuwa mwanafunzi wangu pia katika darasa la tatu. Sijawahi kuliandika hili popote. Mwaka ule alikaa nyuma kabisa. Nilimwita hakujibu, nikamwita tena hakujibu, nikaenda na rula, nikampiga kwenye vidole. Si mara moja. Kwenye kadi yake niliandika kwa wino mwekundu neno moja: Hajali.

Leo nilikuwa ubaoni, mgongo wangu umewageukia. Nikauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: saba mara nane? Nyuma yangu ikatoka sauti nzito, ya mtoto ambaye bado hajazoea kujisikia mwenyewe: "Makumi tano na sita."

Nikageuka. Alikuwa ameinamia daftari, hata hanitazami. Chaki ilinikatikia mkononi.

Jumatano, 24 Januari

Nataka niiandike siku hii yote.

Saa nne mvua ilikuja kutoka ziwani kama lori linamwaga kokoto. Wanaofundisha chini ya mabati wanajua: mvua ikipiga, somo limekufa. Mwalimu anakaa, watoto wanachora, wengine wanalala. Mimi pia nilikaa. Kisha nikamwona Camille amenikazia macho, kalamu mkononi, anasubiri. Nikafunika mdomo kwa daftari ili asione midomo, nikasema polepole, bila kupaza: "Treni inaondoka Kalemie asubuhi." Kwa Kifaransa, maana darasa la sita dikte, yaani imla, ni ya Kifaransa.

Akaandika.

Nikasema sentensi ya pili. Akaandika. Mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu, kwa jinsi mvua ilivyokuwa, lakini yeye aliisikia. Katika darasa zima lenye masikio mazima mia na zaidi, yeye peke yake ndiye aliyesikia.

Nikamwita aje ubaoni. Mimi nikarudi kukaa, nikasoma dikte nzima ndani ya ile ngurumo, na Camille akaiandika sentensi kwa sentensi, na watoto sabini na wanane wakakopi kutoka kwake. Alipomaliza akapangusa chaki kwenye sketi, akarudi benchi la nne, na jirani yake akamsogelea akamtazama nyuma ya sikio kwa heshima, kama mtu anatazama saa ya bei kubwa.

Nimerudi nyumbani nimelowa mpaka ndani, nikiimba.

Ijumaa, 2 Februari

Pile za mashine, betri zile ndogo kama punje ya dengu, zinakufa haraka kwa ajili ya unyevu. Mama Marthe amezifunga kwenye kopo pamoja na mkaa. Ana akili yule mama.

Jumamosi, 3 Februari

Mume wangu Willy aliiona mikro inachajiwa juu ya meza. Kazi yake ni ya reli, lakini moyo wake uko kwenye kwaya, ndiye kiongozi. Kanisa letu linaandaa wiki ya uinjilisti na mikro yao ya waya inakohoa kuliko mhubiri.

"Alpho, hii haiwezi kutusaidia siku ya Jumapili tu?"

"Haiwezi. Inasema na mtoto mmoja."

Akacheka. "Mikro gani inasema na muntu mumoja?"

"Hiyo."

Jumanne, 6 Februari

Camille kumi na tano kwa ishirini katika hesabu. Direktere alipita darasani, akaangalia daftari lake, akatoka.

Jumamosi, 10 Februari

Nilikwenda matanga kule Lubuye tangu asubuhi. Nimerudi saa kumi. Waya wa kuchajia ulikuwa unaning'inia ukutani peke yake.

Nilitafuta juu ya meza, chini ya meza, ndani ya mkoba, ndani ya kapu la nguo chafu. Nilijiambia nimeiacha shuleni, huku nikijua kwa mikono yangu miwili kwamba niliichomeka pale jana. Nikakaa kitandani. Nikasimama. Nikatoa vyombo vyote vya kabati, nikavirudisha.

Willy alifika saa kumi na moja. Hakuvua viatu. Alisimama mlangoni ameshika kitambaa chake cha jasho, kimekunjwa kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba mayai.

"Nimekukosea," alisema kabla hajakaa.

Alikuwa ameipeleka kwenye mazoezi ya kwaya. Kujaribu tu, alisema, nusu saa tu, angeirudisha kabla sijafika. Wakaiwasha, taa ikawa kijani, mwimbaji akaimba mbele yake, spika kimya. Wakamwita Djo, yule kijana anayetengeneza redio karibu na soko. Djo akasema ndani kuna kitu kinaizuia isiongee na mashine nyingine, akikitoa itakubali. Akaifungua kwa kisu alichokipasha moto.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale. Nilimushikia taa."

"Moshi ulitoka?"

Alitazama chini. "Kidogo."

Nilifungua kitambaa. Ganda lilikuwa limepasuka upande, lina alama nyeusi. Nilibonyeza kitufe. Nikabonyeza tena. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma. Hakuna kijani, hakuna chochote.

Sikupiga kelele. Ningependa kuandika kwamba nilipiga. Nilimwambia tu, "Willy, umemziba yule mtoto masikio," na yeye akakaa sakafuni na viatu vyake vya kanisani.

Jumapili, 11 Februari

Sikwenda kanisani. Nimemtumia fundi wa masikio wa Lubumbashi picha kwa telefone, kwenye namba iliyoko kwenye karatasi. Niliandika kwamba "ilianguka."

Jumatatu, 12 Februari

Nitaandika nilichokifanya, kwa sababu hakuna ninayeweza kumwambia.

Djo ameliunganisha ganda kwa gundi. Kwa mbali ni zima. Nimelivaa. Nikajifunga kitambaa cha shingo kifunike pale ambapo taa ingekuwa. Njiani nilijiambia: mashine za masikio bado anazo, nitapaza sauti, atasikia vya kutosha, mpaka tupate nyingine. Hakuna atakayejua.

Niliingia, nikasema, "Bonjour, watoto." Camille akashtuka. Akagusa sikio la kulia, kisha la kushoto. Akanitazama kifuani, akanitazama usoni. Nikageukia ubao.

Mwisho wa saa nilimwita. "Umesikia vizuri leo?"

Akafikiri kidogo.

"Ndiyo, Madamu."

Jumanne, 13 Februari

"Umesikia?" "Ndiyo, Madamu."

Alhamisi, 15 Februari

Jibu kutoka Lubumbashi: *Picha inaonyesha imefunguliwa. Tuliandika isifunguliwe. Hapa hatuna nyingine. Timu itarudi mwezi wa nane, labda.*

Nimelisoma lile "labda" mara nyingi.

Ijumaa, 16 Februari

Sauti yangu imekauka kwa kupaza. Nafundisha watoto sabini na tisa kama mtu anayeuza samaki. Fundi wa pili wa redio ameitazama, ameirudisha bila hata kuifungua. Willy amekwenda kumuuliza nahodha wa boti za Kigoma kama kuna duka kule. Nahodha hakuelewa anaulizwa nini.

Jumatatu, 19 Februari

"Ndiyo, Madamu."

Alhamisi, 22 Februari

Mvua ilipiga mabati katikati ya dikte. Watoto wakaweka kalamu chini na kumtazama Camille. Walikuwa wanasubiri aende ubaoni kama siku ile. Mmoja akamsukuma begani: nenda.

Naye akanitazama. Ningeweza kusema dikte imekwisha. Sikusema. Nilisogea karibu, nikafungua mdomo vizuri, nikasoma: meli inaondoka bandarini, abiria wanapunga mikono. Akaenda ubaoni. Aliandika haraka, bila kusita, mstari kwa mstari, na darasa likakopi.

Mvua ilipopungua nikasoma kilichoandikwa. Pale niliposema *bateau*, meli, yeye aliandika *manteau*, koti. Koti linaondoka bandarini. Midomo inafanana kwa maneno hayo mawili, nimejaribu mbele ya kioo. Chini zaidi, pale alipokosa kabisa kuniona, alikuwa amejitungia sentensi zake mwenyewe, sawa kwa sarufi, juu ya mtu aliyevaa koti lile na kupanda treni. Hakuacha hata nafasi moja tupu.

Watoto walianza kucheka, maana wanajua Kifaransa cha kutosha kulielewa lile koti. Camille akacheka nao. Hakujua wanacheka nini.

Ijumaa, 23 Februari

Nilimbakiza baada ya kengele. Nilimkalisha mbele yangu, karibu, kwenye mwanga.

"Camille, mikro ilikufa lini?"

Akachezea kifungo cha shati. "Siku ile uliweka kitambaa."

"Juu ya nini, kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe, Madamu, juu ya nini hukuniambia?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza tu. Kisha akaendelea: "Direktere alimuambia na mama pia, mashine isipokuwapo mutoto hayupo. Mama akijua, atakuja kulia hapa kwa biro. Direktere atanitoa. Na wewe atakufukuza. Basi nikasema ndiyo tu."

"Unachoka?"

"Macho." Akayasugua. "Na kichwa, hapa."

Mtu mwenye haki angemshika mkono, angekwenda naye Kataki saa ile ile. Mimi nilimwambia, "Basi tusiseme kwanza. Mpaka mtihani upite." Akaitika kwa kichwa. Akachukua mkoba, akaenda.

Nimempa mtoto wa miaka kumi na miwili abebe uongo wangu, na ameubeba bila kulalamika.

Jumanne, 27 Februari

Mvua. Camille alilala juu ya daftari saa tano. Nilimwacha.

Ijumaa, 1 Machi

Nne kwa ishirini katika dikte. Mapumziko hachezi tena. Anakaa amefumba macho, uso juani.

Jumatatu, 4 Machi

Mvua. Mvua. Maji ya mto Lukuga yamepanda. "Ndiyo, Madamu," sasa anaisema kabla sijauliza.

Alhamisi, 7 Machi

Kesho ni siku ya wanawake, walimu tutaandamana. Mama Marthe ndiye aliyetushonea. Leo alileta vitenge vyetu shuleni, akawapa wenzangu vyao, kisha akanivuta pembeni.

"Yako nimeifanya tofauti. Angalia."

Upande wa kushoto wa blauzi, juu ya kifua, alikuwa ameshona kijifuko kidogo chembamba, chenye pindo la uzi wa njano, na tundu dogo juu yake.

"Mutoto aliniambia zamani kamba inakuwasha shingo. Sasa utaitia humu. Hili tundu njo la taa, uone kama inawaka. Nilipima kwa kidole changu, maana Camille alisema ni kama kidole." Akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Madamu, mimi sikusoma. Sina kitu cha kukulipa. Kila siku namuuliza, umesikia? Ananiambia, ndiyo, mama. Miaka sita sijasikia ile neno."

Nilisema asante. Nilisema blauzi ni nzuri. Nilikwenda kwenye choo cha shule, nikafunga mlango.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeandamana. Blauzi ilinikaa vizuri. Ndani ya kijifuko nilitia lile ganda bovu, kwa sababu Mama Marthe alisimama kando ya barabara akinitafuta kwa macho.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi Willy alikuwa anapiga pasi shati. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kataki. Kusema."

"Kusema nini?"

"Kwamba njo mimi nilivunja."

Nikasimama mlangoni. Mimi, niliyemchukia mwezi mzima, niliyempikia bila kumsemesha, nilisimama nimeziba mlango wangu mwenyewe kwa mikono. Nilimwambia subiri wiki mbili tu. Nilimwambia mtihani, orodha, direktere, kazi yangu. Nilimwambia mtoto mwenyewe amekubali.

Aliweka pasi chini.

"Alpho, mimi nilivunja mashine. Sikatae. Lakini mashine ni plastiki. Wewe unavunja mutoto."

Miaka kumi na tisa nimeishi na mtu huyu na nilidhani najua mwisho wa akili zake ni wapi. Nilikaa kwenye kiti. Baada ya muda nikaenda kuvaa.

Tulikwenda wawili kwa miguu. Mama Marthe alikuwa kwenye baraza, cherehani mbele yake, anashona sare za shule. Alifurahi kutuona, akamtuma Camille alete viti. Willy alikataa kukaa. Alisema akiwa wima, kofia mkononi, kila kitu: meza, kwaya, Djo, kisu. Mama Marthe alimsikiliza mpaka mwisho, na miguu yake iliendelea kukanyaga cherehani, ingawa kitambaa kilikuwa kimekwisha chini ya sindano.

"Siku gani?" akauliza.

"Tarehe kumi, mwezi wa pili," nikasema.

Miguu ikasimama. Alikuwa hanitazami, alikuwa anahesabu kwa vidole juu ya paja. "Wiki ine. Na juzi nilikuletea blauzi."

"Ndiyo."

"Ukaivaa."

"Ndiyo, Mama Camille."

"Na mutoto alijua?"

Camille alikuwa amefika na kiti cha pili. Aliona midomo yetu. Akaweka kiti chini taratibu.

"Alijua," nikasema. "Alinifichia siri. Nami nilimwambia aendelee."

Hapo ndipo sura yake ilipobadilika. Ya mashine aliivumilia. Hii hapana. Alimvuta Camille akamtia nyuma yake, kama mtu anavyomvuta mtoto kutoka kwa mbwa.

"Ulimupiga darasa la tatu," alisema. "Alirudi na vidole vimevimba. Nikasema, ni mwalimu, anajua kazi yake. Mwaka huu nikasema, Mungu amemugeuza. Wewe na bwana yako, mutoke. Hata viti musikalie."

Nilikuwa nimeileta ile blauzi, imekunjwa. Nikaiweka juu ya kiti.

"Ondoa hiyo," alisema. "Niliishona kwa vipimo vyako. Nani mwingine ataivaa?"

Jumatatu, 11 Machi

Benchi la nne, upande wa dirisha, liko tupu. Nimemweleza Papa Jean-Baptiste yote. Ameniandikia barua ya onyo, nimeitia sahihi. Nikamwomba asilikate jina.

"Wewe njo wa kuomba?" alisema. Kisha akavua miwani. "Mtihani wa muhula ni tarehe makumi mbili na tano. Akija, atafanya. Akipata hamsini kwa mia, namupeleka. Arobaini na tisa, simupeleke. Sitaki kusikia mengine."

Jumanne, 12 Machi

Baada ya kazi nimekwenda Kataki na ubao mdogo na chaki. Nimebisha lango la lupango, ua wa nyumba yao. Hakuna aliyejibu. Cherehani nilikuwa naisikia.

Jumatano, 13 Machi

Nimebisha. Hakuna.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Nimebisha. Jirani ameniambia nisichoke bure.

Ijumaa, 15 Machi

Hakuna.

Jumamosi, 16 Machi

Papa Michel amerudi kutoka Bendera. Alinifungulia yeye, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono iliyojaa alama za kuungua. "Madamu, rudi kwako," alisema. "Mutoto nitamupeleka Ankoro kwa mama yangu. Kule hakuna wa kumucheka." Nilimweleza juu ya hamsini kwa mia. Akasema, "Tumeisha kukuamini sana, inatosha," akafunga lango bila kulipiga.

Jumatatu, 18 Machi

Sijui kwa nini nilikwenda tena. Nadhani kwa sababu nyumbani nisingeweza kukaa.

Mvua ilinikuta langoni. Nilisimama nimeficha ubao chini ya kitenge. Sikubisha hata mara moja. Lango likafunguka; Mama Marthe, gunia la plastiki kichwani.

"Papa Michel amerudi kazini," alisema. "Jana Camille alikaa na daftari siku nzima. Aliniuliza neno moja la Kifaransa. Nikasema sijui. Akaniuliza lingine. Sijui. Nimeona aibu mbele ya mutoto wangu." Akanitazama nilivyolowa, bila huruma yoyote. "Ingia. Usifikiri nimekusamehe. Sijakusamehe na sijui kama nitakusamehe. Lakini Ankoro atakwenda kulima, na mimi sikumuzaa kwa ajili ya jembe."

Nilimkalisha Camille mgongo dirishani, mimi uso kwenye mwanga. Nikasoma sentensi ya kwanza. "Umesikia?"

Akamtazama mama yake. Mama yake akasema, "Sema kweli. Hapa hakuna wa kukutoa."

"Hapana, Madamu," alisema Camille. "Sikusikia kitu. Sema tena."

Nilisema tena. Nilisema mara tisa.

Ijumaa, 22 Machi

Kila siku tangu saa nane. Mama Marthe anashona, hanisemeshi. Camille ananikatiza: sema tena, usiinamishe kichwa, usishike mdomo. Sikujua ninashika mdomo kiasi hicho.

Jumanne, 26 Machi

Mtihani umekwisha. Jana dikte nilimsomea peke yake ndani ya biro, direktere amekaa kati yetu kama polisi. Katikati ya ukurasa mvua ikaanguka. Nilisimama, nikamwomba direktere tusubiri ipite. Akatazama saa. Tukasubiri kidogo. Haikupita. Akasema, "Endelea."

Alhamisi, 28 Machi

Hesabu, sitini na nane. Dikte na Kifaransa vimemvuta chini. Jumla, arobaini na sita kwa mia.

Nilirudia kusahihisha mara tatu, nikitafuta alama nne. Willy alikaa pembeni yangu akinisomea majibu. Hazipo. Orodha imeondoka saa sita bila Camille.

Ijumaa, 29 Machi

Ijumaa Kuu, shule imefungwa. Nimekwenda mwenyewe kusema, kabla hawajaisikia kwa wengine.

Mama Marthe alikuwa anafumua pindo la suruali. "Hayumo," nilimwambia. "Arobaini na sita."

Hakulia. Camille alikuwa dirishani. Alitusoma midomo, akaelewa kabla hatujamgeukia. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Tukasikia kitanda kinalia chini yake, basi.

"Atarudia darasa?"

"Atarudia."

"Kwako?"

"Direktere anasema ataamua mwezi wa tisa. Anafikiri kumpa mwalimu mwingine. Kwa ajili ya yaliyotokea."

Mama Marthe alivuta uzi mrefu kutoka kwenye pindo, akaukata kwa meno.

"Mwambie hapana," alisema, kwa hasira ile ile ambayo haijapungua tangu siku ya viti. "Mwingine ataanza upya kujifunza kazi juu ya mutoto wangu. Wewe umeisha kumuharibia, umeisha kujifunza."

Akarudi kwenye suruali yake.

Sikujua kama nimetukanwa au nimepewa kazi. Nilikaa kwenye kigoda, nikiutazama mlango wa chumba. Nilikaa mpaka saa kumi na mbili, naye hakunifukuza, na mlango haukufunguka. Kesho nitakwenda mapema zaidi.